Nani Ana Ruhusa ya Kulipua Mwamba?

Filamu inaanza na moto chini ya maji. Wanaume kadhaa wanashuka kwenye bluu nzito, mikononi wameshika mienge inayowaka, na viputo vya hewa vinapanda nyuma yao kama moshi wa garimoshi. Hakuna anayesema kitu. Ni mwaka wa 1956, na watu wengi walioketi kwenye ukumbi wa Cannes hawajawahi kuona bahari kutoka ndani, tena kwa rangi. Mimi nimezaliwa zama za simu zenye kamera, nimeshaona kila aina ya samaki kwenye skrini ya inchi sita, na bado hizo sekunde za mwanzo zilinifanya nisimamishe video, nivute pumzi, nirudishe nyuma nitazame tena.

Inaitwa Le Monde du silence, yaani Ulimwengu wa Ukimya. Waliotengeneza ni Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa ambaye miaka hiyo alikuwa anaachana na jeshi lake, na kijana anayeitwa Louis Malle, aliyekuwa na umri wa miaka 23 filamu ilipotoka. Malle alitoka chuo cha filamu cha IDHEC, Paris, akapanda meli ya Cousteau, na masomo yakaishia hapo. (Nimefurahi kuliko inavyostahili kulijua hilo. Mimi pia chuo kiliniishia njiani, ila mimi sikutoka na Palme d'Or.) Walishinda Cannes, kisha wakashinda Oscar. Ilichukua hadi 2004, Michael Moore alipokuja na Fahrenheit 9/11, kwa filamu nyingine ya hali halisi kupata tuzo hiyo kubwa ya Cannes.

Mara ya kwanza nilionyeshwa vipande vyake darasani. Nilisoma mihula mitatu ya sayansi ya bahari kabla karo haijanishinda, na mhadhiri wetu alifungua somo la kwanza kwa filamu hii: mienge, matumbawe, chewa mkubwa anayekula kutoka mkononi mwa mpiga mbizi. Tulipiga makofi. Miaka miwili baadaye, nikiwa nje ya chuo na bando la usiku, niliitazama nzima. Hapo ndipo nikajua tulichorushwa.

Katikati ya filamu, wataalamu wa meli ya Calypso wanataka kujua ni samaki wa aina gani wanaishi kwenye mwamba fulani. Wanashusha baruti. Bahari inanyanyuka, inakuwa nyeupe, kisha inatulia. Halafu tunaona samaki wanaelea kwa matumbo juu, wanaume wanawaokota, wengine wanaokotwa chini kwenye mchanga. Kuna bunju aliyejivimbisha kama mpira, anakufa polepole mbele ya kamera, na kamera haina haraka. Samaki wanapangwa kwa aina, wanahesabiwa. Na msimulizi anatueleza, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba mvuvi akitumia baruti huo ni uharibifu mtupu, kwa sababu wengi anaowaua wanazama bila faida, lakini kwa mwanasayansi ndiyo njia pekee ya kupata orodha kamili ya viumbe wa mahali.

Hebu soma tena hiyo sentensi. Kitendo ni kimoja. Mwamba ni mwamba. Tofauti ni nani ameshika fataki na anaandika nini kwenye daftari baada ya mlipuko.

Ami yangu ni mvuvi Vanga, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Uvuvi wa baruti ni kosa la jinai pande zote mbili za mpaka ule, na miaka mingi Tanzania ilipambana nao kuanzia Tanga hadi Mtwara. Ami anautambua mlio wake. Anasema ukiwa ndani ya maji hausikii kwa masikio, unausikia kwa kifua. Nilimwonyesha kipande hiki kwenye simu, tumekaa chini ya mkwaju, yeye anaunga nyavu.

"Ami, watazame hawa."

"Wavuvi wa wapi?"

"Si wavuvi. Ni wataalamu wa Kifaransa, wanahesabu samaki."

Akasogeza simu karibu na uso, akatazama mpaka mwisho bila kusema. Kisha akanirudishia.

"Walipomaliza kuhesabu, mwanangu, walibaki wangapi?"

Ningeweza kuishia hapo na kumtupa Cousteau jalalani, na najua wasomaji wa magazeti haya tunapenda kutupa watu jalalani. Tatizo ni kwamba filamu yenyewe inanikatalia. Ni nzuri mno, na cha ajabu zaidi, ni kweli mno.

Tuanze na mtu. Cousteau alizaliwa 1910, akaingia chuo cha jeshi la majini Brest mwaka wa 1930, akitaka kuwa rubani. Mwaka wa 1936 alipata ajali ya gari iliyomvunja mikono, ndoto ya urubani ikaisha. Alipelekwa Toulon, akaogelea ili mikono irudi, na mwenzake wa jeshini, Philippe Tailliez, akampa miwani ya kuogelea. Alichungulia chini ya maji na maisha yake yakabadilika, hiyo ndiyo hadithi aliyoisimulia hadi uzeeni. Mwaka wa 1943, vita vikiendelea, yeye na mhandisi Émile Gagnan wakaunda chombo cha kupumulia ambacho wapiga mbizi wa leo wanatumia wajukuu wake. Vali yake ilitokana na kifaa cha magari yaliyokuwa yanatumia gesi kwa sababu petroli ilikuwa adimu. Napenda sana jambo hili: mlango wa kuingia baharini ulitoka gereji.

Baada ya vita, Tailliez, Cousteau na rafiki yao Frédéric Dumas walikuwa kwenye kikosi cha utafiti wa chini ya bahari cha jeshi, hukohuko Toulon. Sehemu ya kazi ilikuwa kuondoa mabomu yaliyoachwa na vita. Kwa hiyo tunapoona baruti ikishuka kwenye filamu, tukumbuke ni wanaume waliozoea milipuko kama vile fundi wa baiskeli alivyozoea spana. Hata Calypso ilikuwa meli ya kutegua mabomu kabla tajiri mmoja, Loel Guinness, hajainunua na kumkodisha Cousteau kwa faranga moja kwa mwaka. Ujeshi haukuondoka alipoondoka jeshini. Uko kwenye namna wanavyopanga vifaa, wanavyotii saa, wanavyofanyiana mzaha. Kuna mpiga mbizi anayepanda juu haraka mno baada ya kufukuza kamba wa mawe, goti linaanza kumuuma, wanamfungia kwenye tangi la shinikizo. Wenzake nje wanakula wale kamba. Ni kichekesho cha kambini, na Malle anakipiga picha kama kichekesho cha kambini.

Sasa nyangumi. Hiki ndicho kipande ambacho hakuna mtu anasahau, na mimi nadhani ndicho kipimo cha filamu nzima.

Calypso inafuata kundi la nyangumi wenye vichwa vikubwa. Wanakaribia mno. Mtoto mmoja wa nyangumi anapigwa na rafadha ya meli, anakatwakatwa, damu inatanda. Wanaume wanamuua ili asiteseke. Papa wanakuja, kwanza mmoja, kisha wengi, wanaanza kula. Na hapo watu wa meli, wale wale waliomkata mtoto kwa rafadha yao, wanashikwa na hasira dhidi ya papa. Wanawavuta kwa ndoana hadi sitahani, wanawapiga kwa mashoka. Msimulizi anatuambia tu kwamba mabaharia wanawachukia papa, na kwamba hakuna kilichoweza kuwazuia.

Nimesoma watu wengi mtandaoni wakisema kipande hiki kingekatwa. Mimi nasema kikikatwa filamu imekufa. Kwenye baruti kulikuwa na kisingizio cha sayansi. Hapa hakuna. Ni watu wenye hatia wanaotafuta wa kumbebesha, na wanampata kiumbe mwenye meno, asiye na wakili. Tazama nyuso zao wakati wanapiga. Wana furaha. Sijui filamu nyingine ya wanyama inayomwonyesha mpenda bahari akiwa hivi, mchana kweupe, bila kujificha. Sijui pia kama Cousteau alielewa alichokuwa anatuonyesha. Malle, nadhani alielewa. Kijana wa miaka 23 hakuwa na uadui wowote na papa, alikuwa na kamera tu.

Linganisha na filamu za leo. Nimeitazama Blue Planet II ya BBC, ya 2017, mara tatu, na nitaitazama tena. Lakini kwa saa nyingi utadhani bahari haina meli. Wapiga picha wanafichwa, injini inafichwa, hata kivuli cha boti hakipo, mpaka kipindi cha mwisho wanapotuambia plastiki imejaa. Kwa Cousteau, binadamu yumo kwenye kila picha, anagusa kila kitu, anapanda kobe mgongoni kama mtoto kwenye bembea, anamng'ang'ania kasa amvute. Ni aibu kuangalia. Ila angalau unajua ni nani aliyefika pale.

Ambaye hayumo ni sisi. Filamu ilipigwa Mediterania, Bahari ya Shamu, Ghuba na Bahari ya Hindi, hadi kisiwa cha Assumption, Shelisheli, jirani na Aldabra. Hii ni bahari yetu. Upepo unaomsukuma Calypso ndio kaskazi na kusi wanaozijua wazee wa Lamu. Na bado hakuna mtu wa pwani hizi anayepewa sauti. Bahari inaonekana kama haina wenyewe, kama imekuwa ikisubiri Wafaransa waje wawashe mienge.

Kwenye Ghuba hasa, ukimya huo unauma. Mwaka wa 1954 Calypso ilikodishwa na kampuni tanzu ya BP kupima sakafu ya bahari mbele ya Abu Dhabi, kutafuta mafuta. Miaka minne baadaye mafuta yalipatikana huko baharini, Umm Shaif. Sasa, watu walikuwa wanapiga mbizi kwenye maji yale karne nyingi kabla ya Gagnan na vali yake. Walitafuta lulu. Kibanio puani, jiwe mguuni la kuwashusha haraka, kamba ya kuwavuta juu, na pumzi moja tu kifuani. Wengi kati yao katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walikuwa watumwa au wana wa watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki. Babu za watu wa huku walijua ulimwengu wa ukimya. Hawakuuita hivyo, kwa sababu masikio yao yalikuwa yanatoka damu.

Silaumu filamu ya 1956 kwa kutosimulia hayo. Nalaumu jina lake. Ukiita mahali ulimwengu wa ukimya, umeamua kwamba wote waliokuwepo kabla yako hawakusema.

Kuna mwingine asiyesikika: Simone, mke wa Cousteau. Alitoka ukoo wa maadmirali, aliuza vito vyake ili Calypso ipate vifaa, na inasemekana alikaa melini siku nyingi kuliko mumewe. Kwenye filamu ni kama hayupo. Alikufa 1990, na mwaka uliofuata Cousteau akamwoa Francine Triplet, ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto wawili. Naliacha hapo, si gazeti la udaku hili.

Miaka ya baadaye ndiyo inayowapa wasifu wake umbo zuri. Mwaka wa 1960 aliongoza upinzani dhidi ya mpango wa kutupa taka za nyuklia kwenye Mediterania. Mwaka wa 1973 akaanzisha shirika lake la kulinda bahari. Mwaka wa 1979 mwanawe Philippe, aliyetarajiwa kumrithi, alikufa ndege yao ya majini ilipoanguka kwenye mto Tagus, Lisbon. Uzeeni akapigania Antaktika, na mwaka wa 1991 mataifa yakatia saini mkataba wa Madrid unaopiga marufuku uchimbaji wa madini huko. Alikufa Juni 1997, akiwa na miaka 87. Calypso ilikuwa imeshamtangulia: Januari 1996, bandarini Singapore, tishari liliigonga ikazama.

Liz Garbus ametengeneza filamu kuhusu maisha haya, Becoming Cousteau, ya 2021. Ni kazi safi, haifichi pesa za mafuta, na sehemu ya Philippe itakuumiza. Lakini ina mwendo wa mahubiri ya Jumapili: alikuwa mwenye dhambi, akaona mwanga, akaokoka, akatuonya. Mimi mwendo huo siuamini. Kati ya mashoka ya papa na taka za nyuklia ni miaka mitano tu. Mtu haokoki kiasi hicho kwa miaka mitano. Naona mtu yule yule mwenye kiburi kile kile cha afisa, anayeamini kwamba bahari ni kituo chake cha kazi na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuichafua. Na labda ndiyo maana alishinda. Mnyenyekevu angeandika barua ya malalamiko.

Kilichobadilika, nadhani, ni kitu rahisi zaidi kuliko moyo. Alirudi mahali pale pale. Alipiga mbizi kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa tangu miaka ya 1930, na alipokuwa anarudi baada ya miaka, chewa hawakuwepo, mimea ya chini ilikuwa imekonda. Hakuhitaji jedwali. Alikuwa na macho yake na kumbukumbu ya miaka thelathini. Ukikaa mahali kwa muda mrefu vya kutosha, unakuwa wewe ndiye rekodi.

Hapo ndipo ami anarudi kichwani mwangu, na si kwa huruma. Ami naye ameangalia mwamba mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Anaweza kukuambia mwaka ambao pono walianza kuwa wadogo, na bamvua ambalo pweza walikosekana kabisa. Tofauti yake na Cousteau ni kwamba Cousteau aliposema bahari inakufa, marais walimpokea. Ami akisema, anaambiwa ni yeye aliyeimaliza. Malindi na Watamu zilitangazwa hifadhi za bahari mwaka wa 1968, na ukweli usemwe, samaki waliomo ndani ni wengi na wakubwa kuliko wa nje. Hata mvuvi mwenye hasira atakukubalia hilo kwa sababu ndiye anayeona tofauti kila siku. Sina ugomvi na uzio. Nauliza tu ni daftari la nani lilitumika kuchora mstari. Kwenye mihula yangu mitatu tulijifunza njia nne za kuhesabu samaki, na hakuna hata moja iliyoanza kwa kumuuliza mtu anayewavua.

Je, uitazame? Ndiyo, bana, itazame. Ni chini ya dakika 90. Itazame kwenye skrini kubwa kuliko simu ukiweza, na usiruke kipande cha baruti kama alivyoruka mhadhiri wetu. Picha zimezeeka vizuri kuliko maneno. Msimulizi ana majivuno ya enzi zake, na muziki unapiga kelele pale ambapo pangetosha viputo. Lakini kuna meli iliyozamishwa na ndege za Kijerumani mwaka wa 1941 kwenye Bahari ya Shamu, Thistlegorm, na namna kamera inavyopita juu ya shehena yake, bila papara, ni kati ya vitu bora nilivyowahi kuona kwenye filamu yoyote.

Halafu kuna Jojo. Huyu ni chewa wa Assumption, mkubwa, mzee kwa sura, aliyezoea wapiga mbizi hadi akawa anawafuata kama mbwa. Wanamlisha nyama kutoka kwenye mfuko. Anazunguka nao, na Malle anatukatia picha ili ionekane wanacheza densi. Shida ni kwamba Jojo hana adabu. Kila wanapotaka kuwalisha samaki wengine ili wawapige picha, anaingia katikati, anafagia chakula chote. Basi wanamfungia kwenye kizimba, kile cha chuma kilichotengenezwa kuwakinga watu na papa, na kazi inaendelea vizuri sasa. Kamera inarudi kumtazama mara moja. Yuko nyuma ya nondo, mdomo unafunguka na kufunga, na samaki wadogo wanakula mbele yake kwenye mwamba ambao ni wake.

Darasani tulicheka sana hapo.